Taa za Jukwaani na Amri Zipitazo Hewani

Mazungumzo yetu ya leo yahusu kazi ya watu ambao hadhira aghalabu haiwaoni, nao ni mafundi wa taa za jukwaani, wakaao nyuma ya umati mbele ya meza yenye vitufe na vishikio vya kusukuma juu na chini. Watu ambao kazi yao ikienda sawa hapana awatajaye, na ikiharibika kila kichwa hugeuka nyuma kuwatafuta. Siku hizi wengi wao wameanza kuziamuru taa zao bila waya, kwa njia ya mawimbi, na muradi wangu ni kueleza kwa nini jambo hilo huwafanikia baadhi yao na kuwafedhehesha wengine, ilhali vyombo walivyonunua ni vile vile. Rai yangu naiweka mapema ili msikilizaji aipime kadiri tunavyokwenda: mtandao wa taa usio na waya hautegemeki kwa sababu ya nguvu za mitambo yake, hutegemeka pale fundi anapoitaka hewa imfanyie mambo machache kabisa, na yaliyobaki akayafanya kwa waya.

Kabla hatujafika hewani yafaa tukijue kitu chenyewe kinachopelekwa. Zamani kila dima, yaani chombo kile kipunguzacho na kuzidisha mwanga, ilikuwa na waya wake kutoka mezani, uliobeba umeme mdogo wa volti 0 hata 10, hivyo jukwaa kubwa lilikokota mzigo wa nyaya unene wa paja la mtu. Tena viwanda vilikuwa na desturi mbalimbali, ikawa meza ya huyu haielewani na dima za yule. Mwaka 1986 taasisi ya ufundi wa maonyesho ya Marekani, USITT, ikatunga kanuni iitwayo DMX512, ikarekebishwa mwaka 1990, na hiyo ndiyo inayotawala majukwaa hata leo. Waya mmoja wa kanuni hiyo hubeba thamani 512, kila moja nambari kutoka 0 hata 255: hii yasema taa fulani iwake kiasi gani, hii rangi nyekundu izidi au ipungue, hii taa igeukie upande gani, na kifungu kizima cha thamani hizo, ambacho mafundi hukiita yunivasi, hurudiwa upya takriban mara 44 kila sekunde, liwepo badiliko au lisiwepo. Kurudia huko ndiko siri ya uvumilivu wa kanuni yenyewe, kwa maana thamani moja ikipotea njiani, nyingine yafika nyuma yake kabla jicho halijatambua.

Mwaka 1998 Mwingereza Wayne Howell, wa kampuni ya Artistic Licence, akatoa utaratibu uitwao Art-Net, unaozifunga yunivasi hizo katika pakiti za mtandao wa kompyuta, zikapita katika kebo moja nyembamba badala ya nyaya nyingi. Na baadaye ukaja utaratibu mwingine, sACN, uliotungwa na chama cha viwanda vya fani hiyo. Taratibu zote mbili zilibuniwa kwa mtandao wa waya. Watu ndio waliozitia hewani, kwa kuwa rauta ya waifai ilikuwa imekwisha kuwapo kila nyumba, na hapo ndipo hitilafu zilipoanzia.

Tuchukue mahali panapojulikana, maana maneno ya ufundi yasiyo na mahali huchosha. Uwanja wa ndani wa Ngome Kongwe ya Unguja, ngome waliyoijenga Waarabu wa Omani baada ya kuwaondoa Wareno, umekuwa kwa miaka mingi ukikusanya watu usiku katika tamasha la Sauti za Busara na lile la filamu, ZIFF. Sisemi kwamba mafundi wa matamasha hayo hufanya hivi au vile; nauazima uwanja tu. Jukwaa liko upande mmoja, meza ya taa yawekwa mkabala nalo nyuma ya watu, na katikati ni halaiki ya wasimamao, wachezao na wapitao. Kuta ni za mawe ya matumbawe, nazo ni sehemu ya Mji Mkongwe ulioingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000, kwa hiyo hapana ruhusa ya kuzitoboa ovyo kupitisha kebo. Na kebo ikilazwa chini kati ya miguu ya watu itakanyagwa, itakwazwa, na mwisho itang'oka. Hapo fundi ana sababu ya haki ya kuitumia hewa. Lakini atazame kwa makini sababu hiyo ni ya masafa gani: ni ya kuvuka umati, mita 40 au 50, basi. Upande wa huku wa umati waya unapita, na upande wa kule unapita vile vile.

Kwa hiyo kompyuta au meza ya taa na iungwe na rauta kwa kebo, ijapokuwa ziko mkono mmoja baina yao. Kule jukwaani na kiwepo kipokeaji kimoja, nacho kitoe DMX kwa waya wake wa kawaida kwenda taa hata taa, na mwisho wa mstari kitiwe kizuizi cha omu 120 ili umeme usirudi kinyume na kuvuruga amri. Nawajua watu waliotia antena katika kila taa, wakajivunia kwamba jukwaani hapaonekani waya hata mmoja, kana kwamba taa hizo hazikuwa zikipata umeme wake kwa waya huo huo wanaouonea haya. Taa ya betri iliyoshikwa na mchezaji mkononi, au iliyo juu ya mtumbwi wa mapambo, ina udhuru. Iliyofungwa juu ya nguzo haina.

Sasa tufikie jambo ambalo naona ndilo kiini, nalo lataka hesabu kidogo. Wengi hudhani kwamba kinachoielemea hewa ni wingi wa habari, na wauza rauta huwasaidia katika dhana hiyo kwa kupiga chapa ubavuni mwa sanduku tarakimu za kutisha. Hesabu yasema vingine. Pakiti moja ya Art-Net iliyobeba yunivasi kamili ina baiti 530. Irudie mara 44 kwa sekunde, wapata biti 187,000 hivi, ambazo hazifiki humusi ya megabiti moja. Waifai ya kawaida hupitisha mara mia ya kiasi hicho. Balaa limo katika namna ya kutuma. Katika mtandao usio na waya, pakiti iliyoandikiwa watu wote haipelekwi kwa mwendo wa kasi, bali kwa mwendo wa chini kabisa, ili hata msikivu aliye mbali na dhaifu aipate. Na katika masafa ya gigahezi 2.4 mwendo huo aghalabu ni megabiti 1 kwa sekunde. Fauka ya hayo, haidaiwi jibu: ikipotea imepotea, wala mtumaji hajui. Kwa mwendo huo pakiti ile ya baiti 530, pamoja na vichwa vyake, hukaa hewani kiasi cha milisekunde 5. Mara 44 ni milisekunde 220. Yaani yunivasi moja peke yake imekula zaidi ya humusi ya wakati wote uliopo hewani, na zikiwa nne hewa imekaribia kujaa, hata kabla mtazamaji mmoja hajaingia mlangoni na simu yake.

Art-Net katika umbo lake la kwanza ilituma kwa wote namna hiyo, na sACN nayo, ikiachwa katika desturi yake, hutuma kwa kundi, jambo ambalo waifai hulifanyia kazi kwa tabia ile ile. Dawa yake ni kuiandikia pakiti anwani ya mpokeaji mmoja. Hapo hupelekwa kwa mwendo wa kasi, hewani hukaa sehemu ndogo tu ya milisekunde, na mpokeaji asipojibu kwamba ameipata hurudiwa papo hapo. Wanaotumia QLC+, ile programu ya bure ambayo vikundi vingi visivyo na fedha ya meza kubwa vimeitegemea, watazame pale palipoandikwa anwani ya kutokea ya Art-Net: ikiishia na 255, hiyo ni anwani ya wote. Iondolewe, iandikwe ile ya kipokeaji. Ni kazi ya nusu dakika, na katika mambo yote niliyokusudia kuyasema leo sijui lingine lenye faida kubwa namna hiyo kwa gharama ndogo namna hiyo. Kadhalika si lazima kutuma mara 44. Mara 30 zawatosha watazamaji, na hewa yapumua.

La pili ni mahali pa antena, na hapa hata mafundi hodari hughafilika, kwa kuwa jaribio la mchana huwaambia kwamba mambo ni shwari. Mwili wa mwanadamu kwa sehemu kubwa ni maji, na maji huyameza mawimbi ya gigahezi 2.4. Rauta iliyowekwa chini ya meza, karibu na miguu ya fundi, saa kumi alasiri huonana na jukwaa bila kizuizi, kwani uwanja ni mtupu. Saa tatu za usiku kati yao pamesimama ukuta wa watu mia kadhaa. Wala haitoshi antena kuwa juu ya vichwa kidogo tu, maana wimbi halisafiri kama uzi ulionyooka, bali lataka nafasi ya kutanuka njiani, pana zaidi katikati ya safari. Kwa masafa ya mita 50 nafasi hiyo katikati ni kiasi cha mita 1 na robo pande zote za mstari. Hesabu kimo cha mtu, ongeza kiasi hicho, utaona kwamba antena za pande zote mbili zafaa kuwa mita 3 kutoka chini, na zaidi kama vijana wa huko hupenda kubebana mabegani. Mlingoti wa mbao na kamba mbili watosha kazi hiyo. Nimeona watu wakinunua vikuza mawimbi vya bei ghali ilhali walichokosa ni mlingoti.

Tena hewa hiyo si milki ya fundi. Ni kama baraza ambayo kila apitaye ana haki ya kuketi na kusema, nayo adabu yake ni kwamba kila mmoja husikiliza kwanza, akasubiri mwingine anyamaze, ndipo atie neno lake. Wakiwa watano mazungumzo huenda, wakiwa elfu kila mtu hungoja. Simu za watazamaji, hata zikiwa mfukoni, hazikomi kuulizia mitandao zilizoizoea. Katika gigahezi 2.4 chaneli zisizoingiliana ni tatu tu, ya 1, ya 6 na ya 11, na mjini zote zimekwisha kaliwa na mahoteli na maduka ya jirani. Katika gigahezi 5 nafasi ni nyingi zaidi, na ingawa mawimbi yake huzuiwa na ukuta upesi zaidi, uwanjani hapana ukuta kati ya meza na jukwaa. Na ukuta wa ngome ulio nje, waama, huwa fadhila, kwa kuwa huzuia kelele za wengine zisiingie. Walakini pana mtego mmoja huko. Baadhi ya chaneli za gigahezi 5 zashirikiwa na rada, za hali ya hewa na nyinginezo, na rauta yenye kufuata kanuni, kabla ya kuzitumia, sharti ikae kimya ikisikiliza kwa dakika nzima. Tena ikidhani imesikia rada katikati ya kazi, huhama pale pale bila kumwuliza mtu. Umeme ukikatika kwa sekunde moja, basi, jukwaa lako laweza kukaa dakika moja au zaidi bila amri. Kwa hiyo fundi achague chaneli ya 36 hata 48, ambazo hazina sharti hilo, na rauta na kipokeaji vyote viwili viwekewe betri ya akiba. Nchini mwetu, ambamo jenereta na umeme wa gridi hupokezana zamu katikati ya wimbo, betri hiyo ni ya lazima kuliko antena yoyote.

Mtandao wa taa uwe wa taa peke yake. Usiunganishwe na intaneti, na neno lake la siri asipewe mtu, ijapokuwa ni mheshimiwa mgeni rasmi ambaye mwandani wake amekuja akinong'ona kwamba bwana mkubwa ataka kutuma picha. Hapo fundi anahitaji ujasiri ambao hakuna chuo kinachoufundisha. Afadhali iwepo rauta ya pili, ya wageni, kwenye chaneli nyingine, apewe huyo neno la siri la hiyo, na heshima zikabaki mahali pake. Anwani za vyombo nazo zipangwe kwa mkono na ziandikwe kwenye karatasi iliyogandishwa mezani, kila chombo na yake, zisiachwe zigawiwe na rauta kila kiwashwapo. Na kama pana simu au tableti inayotumiwa kuamuru taa kutoka jukwaani wakati wa kuzilenga, ijulikane kwamba vyombo hivyo, vikiona mtandao hauna intaneti, huuacha kimyakimya na kurudi kwenye mtandao wa simu. Fundi hubonyeza, taa haisikii, naye huilaumu taa. Data ya simu izimwe kwanza.

Wako vijana wajitengenezeao vipokeaji kwa vibao vidogo vya ESP32, vyenye bei ya mlo mmoja mzuri, nami nawasifu kwa hilo, kwani wengi wao wanaijua DMX kuliko waliokwenda kuinunua. Ila wajue kwamba kibao hicho, kikiachwa katika tabia yake, husinzia ili kubana umeme, na huamka kwa vipindi vya takriban sehemu moja ya kumi ya sekunde kuuliza kama kuna barua zake. Kwa kipimajoto cha shambani hilo si neno. Kwa taa inayofifia polepole ni kasoro ionekanayo na kila mtu, maana mwanga hushuka kwa vidato badala ya kuteleza. Katika programu upo mstari mmoja wa kukikataza usingizi, uandikwe. Na mwenye uwezo, aliyechoka na mambo haya yote, anunue mitambo ya redio iliyotengenezwa kwa DMX yenyewe, kama ile ya LumenRadio ya Uswidi, ambayo hurukaruka kati ya masafa na kuyakwepa yenye ghasia. Bei yake ni kubwa, na kwa kazi ya kuvuka umati yastahili.

Jinsi ya kujaribu nayo ina adabu yake. Mafundi wengi huwasha na kuzima taa upesi upesi, wakiona zaitika husema kazi tayari. Jaribio hilo halina maana, kwa sababu mmweko huficha kila kitu. Chukua taa moja nyeupe, iweke katika mwanga wa sehemu 20 kwa mia, kisha iamuru ishuke hata giza kwa muda wa sekunde 10, nawe simama karibu nayo uitazame: pakiti zikichelewa utaona mwanga umesita, ukaruka, ukasita tena. Na jaribio hilo lirudiwe watu wakiwa wamekwisha ingia, wakati wa mwimbaji wa utangulizi, kwenye taa ya pembeni ambayo hapana aitazamaye.

Pamoja na tahadhari zote hizo, iko siku amri itakatika, na fundi mwenye busara amekwisha amua kabla ya siku hiyo taa zake zifanye nini. Vipokeaji vingi huruhusu kuchagua: vishike hali ya mwisho vilivyoamriwa, au vizime. Mimi nasema vishike. Taa iliyoganda katika rangi ya samawati wakati wimbo umekwisha badilika ni aibu ndogo ambayo watu watadhani ni mtindo. Giza la ghafula juu ya jukwaa lenye nyaya, ngoma na ngazi, na watu wanacheza, ni hatari ya kuvunja miguu. Kwa wenye sACN upo msaada zaidi, kwa kuwa kila mtumaji hubeba cheo cha kutoka 0 hata 200, cha kawaida kikiwa 100: meza ya akiba ikipewa 90, hunyamazishwa maadamu meza kuu yasema, na meza kuu ikikaa kimya sekunde 2 na nusu, vipokeaji humsikiliza wa pili bila ya mtu kugusa kitu. Na ile kebo ndefu iliyoachwa kwa sababu ya umati, na ilazwe kandokando ya ukuta, izunguke uwanja mzima, ingoje pale.

Limebaki moja, nalo halina mjadala. Fataki za jukwaani, mashine za moto, na kapi za kupandisha mapambo au watu, zisiwekwe kamwe chini ya amri za namna hii. Kanuni ya DMX512 yenyewe hutahadharisha hivyo, kwa kuwa haina njia ya kuhakikisha kwamba nambari iliyofika ndiyo iliyotumwa, na hayo ni katika waya, kabla amri hazijapelekwa hewani. Taa ikipokea 255 badala ya 0 huwaka isipotakiwa, na watu wakacheka. Kapi ikipokea 255 badala ya 0 yule aliye chini yake hana nafasi ya kucheka. Mitambo hiyo iwe na waya wake peke yake, kitufe chake cha kusimamisha, na mtu aliyesimama akiitazama kwa macho yake.